“Hakuna tatizo, bosi”: jibu kwa mwajiri anayehisi kuna mengi hayajui

SWALI: Nina karakana ya samani yenye wafanyakazi 31: mafundi, wapaka rangi, wapakiaji na watu wanne wa ofisini. Miezi mitatu iliyopita fundi kijana alikatwa vidole viwili na msumeno wa mviringo. Kava ya msumeno alikuwa ameitoa mwenyewe. Tangu hapo nimewanunulia wote glavu, miwani na kofia ngumu, nimebandika mabango, nimetangaza zawadi ya kila mwezi kwa idara isiyopata ajali, na kila Jumatatu nawakusanya nauliza kama kuna tatizo. Jibu ni lile lile: hakuna tatizo, bosi. Wiki iliyopita mhasibu wangu, dada makini sana, aliacha kazi bila kutoa sababu. Baadaye nikasikia kwa watu wa nje kwamba msimamizi mmoja alikuwa akimsumbua kwa muda mrefu. Nahisi kuna mengi sijui. Nifanye nini ili watu wangu wawe salama na waone kwamba wanajaliwa?

JIBU: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye maneno manne: nahisi kuna mengi sijui. Mwajiri aliyefika hapo anaweza kubadilisha mambo, kwa hiyo nitaanzia hapo kabla ya kuugusa msumeno.

Karakana yenye misumeno, rangi ya kupuliza, vumbi la mbao na mizigo ya kubeba haiwezi kupitisha miezi mitatu bila tatizo hata moja. Kuna waya uliochubuka mahali fulani. Kuna mtu anaumwa mgongo. Kuna mashine ambayo swichi yake ya kuzimia inagoma, na mafundi wote wanajua namna ya kuibembeleza. Wanapokujibu “hakuna tatizo, bosi”, maana yake wamepima wakaona kwamba kusema kuna gharama na kunyamaza hakuna. Na gharama hiyo hawakuiota. Waliiona ikimpata mwenzao: aliyesema akaitwa mvivu, au mchochezi, au akapangiwa zamu mbaya.

Matukio yako mawili umeyaandika kama mambo tofauti. Mimi nayaona kama jambo moja lililotokea mara mbili. Kwa uzoefu wangu, kava ya msumeno haitolewi kwa mara ya kwanza siku ya ajali. Hutolewa miezi mingi kabla, na kila apitaye huiona imelazwa chini ya benchi. Msimamizi aliyemsumbua mhasibu naye hakuanza wiki iliyopita. Kote kuwili kulikuwa na watu waliojua, na habari haikufika kwako. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuifungulia habari mbaya njia ya kukufikia bila kumuumiza aliyeileta. Glavu na mabango vina nafasi yake, ila vinakuja nyuma ya hilo.

Tarehe 23 Aprili 2013, katika jengo la Rana Plaza karibu na jiji la Dhaka, Bangladesh, zilionekana nyufa. Benki iliyokuwa ndani ya jengo hilo ikawaondoa wafanyakazi wake. Kesho yake asubuhi, mafundi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliagizwa kurudi kwenye cherehani zao. Walikuwa wameziona nyufa na walikuwa wakiogopa. Jengo likaporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Ninapofundisha wasimamizi, huwa nawaomba watulie kidogo na tukio hili, kwa sababu hatari haikuwa imejificha. Ilikuwa ukutani, inaonekana kwa macho. Kilichokosekana ni uwezo wa fundi kusema “siingii” na kesho yake akakuta bado ana kazi.

Haki hiyo ipo kwenye maandishi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu ya msingi ya kuamini hivyo, asiadhibiwe kwa hilo. Mwaka 2022 shirika hilo liliyaingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za kazi, kwa hiyo nchi wanachama zote zina wajibu wa kuyaheshimu, hata zile ambazo hazijauridhia mkataba wenyewe. Sheria ya nchi yako ina vifungu vyake, na nakuomba uvisome. Lakini wafanyakazi wako hawataamini karatasi mpaka siku moja fundi azime mashine kwa kuwa ameona hatari, oda ichelewe, nawe umshukuru mbele ya wenzake. Siku hiyo itakuja. Jiandae nayo moyoni mapema, maana oda itakuwa ya mteja mkubwa.

Sasa zawadi ya idara isiyopata ajali. Iondoe wiki hii. Najua uliitangaza kwa nia njema. Nami zamani nilikuwa ofisa usalama katika kiwanda kimoja chenye ubao mkubwa langoni wa kuhesabia siku zilizopita bila ajali, na bonasi kwa idara iliyofikisha siku mia moja. Siku ya 93, mama mmoja wa ufungashaji alimwagikiwa maji ya moto mkononi. Hakwenda kwa nesi wa kiwanda. Alijifunga kitambaa, akavaa mikono mirefu, akaendelea na kazi wiki nzima ili wenzake wasikose bonasi kwa ajili yake. Nilipokuja kuuona ule mkono, ulikuwa umeshatunga usaha. Namba za ubao ule nilikuwa nikizibadilisha mimi kila asubuhi. Tangu siku hiyo sijashauri mtu yeyote alipie ukimya, kwa sababu zawadi ya namna hiyo haipunguzi majeraha, inapunguza taarifa za majeraha.

Ukitaka kuhesabu kitu, hesabu mambo mengine: ni mara ngapi mwezi huu mtu alikuja kusema “leo nusura niumie”, na ni mangapi kati ya hayo yamerekebishwa. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia timu zinazoongozwa vizuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba akaona kwamba tofauti ilikuwa kwenye kusema. Kwenye timu hizo mtu aliweza kutamka kosa bila kudhalilishwa, likajulikana, likafundisha. Kwa hiyo ukifanya vizuri, taarifa zitaongezeka kwanza. Usishtuke, na usimruhusu msimamizi wako yeyote akwambie kwamba watu wamezoea kulalamika.

Namna unavyouliza nayo irekebishwe. Kuwakusanya watu 31 na kuuliza “kuna tatizo?” ni kumtaka mtu asimame mbele ya msimamizi wake amshtaki. Nani atasimama? Nenda kwa fundi pale pale anapofanyia kazi, wewe mwenyewe, bila msafara wa wasimamizi. Muulize: ni kazi gani hapa inakutia wasiwasi? Mara ya mwisho uliponusurika ilikuwaje? Akija mgeni leo kwenye mashine hii, utamuonya nini? Swali la mwisho nalipenda kuliko yote. Linamfanya fundi kuwa mwalimu, na mwalimu hafichi.

Kisha tengeneza. Utakayoambiwa wiki ya kwanza yatakuwa madogo, kwa sababu watu watakuwa wanakupima: taa iliyoungua, ngazi inayoyumba, choo kisicho na kitasa. Usiyadharau. Yamalize ndani ya siku chache na umrudie aliyesema, umwambie yamekwisha. Lisilowezekana sasa lisemee wazi: sababu hii, muda huu. Kinachoua mazungumzo ya usalama kuliko hata ukali ni mtu kusema, bosi akaandika kwenye daftari, na daftari likafungwa.

Tuje kwenye msumeno. Umeandika kwamba kijana aliitoa kava mwenyewe, na naona umeridhika na maelezo hayo. Usiridhike. Uliza kwa nini ilitoka. Je, inazuia kuona mstari wa kukatia? Inajaa vumbi? Inagota mbao nene? Ilivunjika zamani ikakosa spea? Na mafundi wangapi wengine huitoa? Kama wote wanaitoa, huna kijana mzembe, una kava isiyofaa kwa kazi mnayoifanya, na kesho ataumia mwingine. Nataka pia kujua mnalipana vipi. Kama fundi analipwa kwa kipande, kila dakika anayoitumia kurudisha kava inatoka mfukoni mwake. Hapo bango lako linamwambia aende taratibu, na mfuko wake unamwambia akimbie.

Kuna mpangilio wa kinga ambao watu wa usalama tunaufuata, na unaanzia mbali na mwili wa mfanyakazi. Kwanza jiulize kama hatari yenyewe inaweza kuondoka kabisa: je, vipande vyembamba vile vinavyolazimisha vidole kusogea karibu na meno mnaweza kuvinunua vimeshakatwa? La sivyo, je, kuna mashine au njia yenye hatari ndogo zaidi? Kisha vinakuja vizuizi vya kwenye mashine: kava inayojirekebisha kwa unene wa mbao, kisu kinachosimama nyuma ya msumeno ili mbao isiubane na kurushwa kifuani kwa fundi, swichi ya dharura inayofikiwa kwa goti. Baada ya hapo ndipo yanakuja mafunzo, taratibu, zamu, kijiti cha kusukumia mbao. Vifaa vya kuvaliwa ni vya mwisho, kwa sababu havizuii ajali kutokea, vinapunguza tu ukali wake, tena vikivaliwa sawasawa na kila siku. Wewe umeanzia mwisho. Waajiri wengi huanzia hapo, kwa kuwa ndipo duka lilipo karibu.

Na hapa nina ombi la leo, si la wiki ijayo: waambie wanaotumia misumeno, drili za kusimama na mashine za kuchonga waache kuvaa glavu wakiwa kwenye mashine hizo. Glavu ikinaswa na kitu kinachozunguka huvuta mkono mzima ndani kabla mtu hajawahi kuachia. Glavu ni za kubebea mbao zenye vibanzi na kushikia kemikali. Kofia ngumu nazo ni za mahali ambapo kitu kinaweza kudondoka kutoka juu. Kama sehemu hiyo ni stoo ya kupangia mbao, wavae huko. Mtu anayelazimishwa kuvaa kofia isiyomkinga na chochote hujifunza kwamba vifaa vya usalama ni maonyesho, na kesho ataivua na miwani.

Vumbi na kelele nitavipitia haraka, ingawa ndivyo vitakavyowaumiza watu wako wengi zaidi kwa miaka ijayo. Vumbi la mbao limetambuliwa tangu 1995 na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani kuwa linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Livutwe na mashine pale linapotoka, na jioni msilifagie likiwa kavu wala kulipuliza kwa hewa ya kompresa. Kelele: kama mtu inabidi apaaze sauti ili asikike na aliye umbali wa mkono mmoja, huenda mmeshavuka desibeli 85, kiwango ambacho kikikaa masaa 8 kwa siku huanza kula masikio. Wapaka rangi wapewe chumba chenye hewa inayotoka nje na barakoa yenye kichujio cha mvuke. Ile ya karatasi haizuii mvuke wa rangi. Gharama ya vyote hivi ni yako. Mkataba 155 niliokutajia unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote, kwa hiyo kama miwani mliikata kwenye mishahara, rudisha hizo fedha.

Mhasibu wako sasa. Waajiri wengi huniuliza kuhusu misumeno na kuliacha hili mlangoni, kana kwamba ni la familia. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika mwaka 2021. Mkataba huo hauishii kwenye kuta za ofisi. Unagusa safari za kikazi, ujumbe wa simu, nyumba ambayo mwajiri amempa mfanyakazi, hata njia ya kwenda na kurudi. Unamlinda anayejifunza kazi na anayeomba kazi. Na tukio si lazima lijirudie ndipo lihesabike. La mara moja linatosha.

Mtafute dada huyo kwa upole. Mwambie umesikia, unasikitika kwamba lilimpata akiwa chini yako, na kwamba akipenda kueleza utamsikiliza mahali atakapochagua, akiwa na mtu anayemwamini. Akikataa, mwache. Usimtumie mtu wa kumbembeleza, na tafadhali usije na ule usuluhishi wa kuwakalisha wawili pamoja mezani ili wapeane mikono. Aliyenyanyaswa hana deni la mkono wa mtu.

Kwa upande wa msimamizi, fanya uchunguzi wa kweli. Mtu asiyekula naye meza moja wala kutegemea neno lake ndiye ampe nafasi ya kujieleza, na yaandikwe. Ana haki ya kusikilizwa, na asihukumiwe kwa uvumi wa watu wa nje. Wakati uchunguzi unaendelea, kama kuna mwingine aliyelalamika, msimamizi ndiye ahame meza au zamu. Nimeona mara nyingi mno mlalamikaji akihamishwa “kwa usalama wake”, na ofisi nzima ikaelewa nani ameadhibiwa. Siri itunzwe na wachache wanaohitaji kujua. Kisha kwa miezi kadhaa mbele fuatilia waliotoa ushahidi: zamu zao, tathmini zao, masaa yao ya ziada. Kisasi kazini hakipigi kelele. Huja kama ratiba mpya.

Na uamue kabla hujajua ukweli kwamba huyo msimamizi anaweza kuondoka. Najua unachowaza: ndiye anayezijua oda zote. Watu wako nao wanalijua hilo, na ndiyo sababu walinyamaza.

Ili habari zisipitie mlango mmoja, weka zaidi ya mmoja. Mfanyakazi ambaye msimamizi wake ndiye tatizo lazima awe na watu wengine wawili wa kumfuata, mwanamke na mwanamume, na mmoja wao asiwe ndugu yako wala rafiki yako. Waache wafanyakazi wachague wenyewe wawakilishi wao wa usalama, wapewe muda wa kazi hiyo ndani ya masaa ya kulipwa. Sanduku la maoni si baya, lakini lisikae chini ya dirisha la msimamizi.

Uliuliza pia namna ya kuwafanya waone wanajaliwa. Hapa sitakupa orodha ya sherehe na fulana. Angalia masaa kwanza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na masaa 35 hadi 40. Piga hesabu za wapakiaji wako msimu wa oda nyingi uone wako wapi. Ratiba ijulikane mapema, mapumziko yawe mapumziko kweli, mshahara utoke siku ile ile kila mwezi. Mjamzito abadilishiwe kazi za kuinua mizigo na za chumba cha rangi bila kupunguziwa kipato. Mtu akibadilika ghafla, mchangamfu akawa kimya, hodari akaanza kukosea, mwite faraghani umuulize hali yake kabla ya kumwandikia onyo. Hulazimiki kuwa mganga wa sonona. Unachoweza ni kumpa ruhusa ya kwenda kutibiwa na uhakika kwamba akirudi atakuta kiti chake.

Jambo la mwisho. Umenieleza kuhusu vidole, kava, glavu na mabango, lakini hukuandika popote yule kijana yuko wapi sasa. Amelipwa siku alizokaa nyumbani? Fidia yake imeshughulikiwa? Amerudi? Kama amerudi, anafanya nini kwa mkono ule? Wenzake 30 wanayajua majibu ya maswali hayo yote. Nenda kamwone wiki hii nyumbani kwao, au hapo karakana kama ameshaanza kazi. Muulize anahitaji nini, kisha muulize ile kava ingekaaje ndipo asingeitoa. Nenda peke yako, na usiende na karatasi yoyote ya kusainiwa.